Zora Neale Hurston na Haki ya Kufurahi

Katika madarasa yetu ya fasihi, swali ambalo mwanafunzi hulitarajia kabla ya mengine yote ni lile la dhamira: kazi hii inasema nini kuhusu dhuluma, ukoloni, utabaka na ukombozi? Ni swali la haki. Hata hivyo, likishakuwa swali la pekee, kazi inayoshughulikia mapenzi, kicheko na soga za watu wa kawaida huwekwa kando kama kazi nyepesi isiyostahiki uhakiki wa kina. Makala haya yanasimulia maisha ya mwandishi wa kike, Mwamerika Mweusi, ambaye swali hilo lilimgharimu pakubwa. Huyu ni Zora Neale Hurston.

Zora alizaliwa tarehe 7 Januari 1891 katika kijiji cha Notasulga, jimbo la Alabama. Yeye mwenyewe alidai maishani mwake kwamba alizaliwa Eatonville, Florida, na tena miaka kumi hivi baadaye. Suala la miaka tutalirejelea. Dai la mahali linaeleweka. Wazazi wake walihamia Eatonville akiwa bado mdogo sana, na mji huo ndio uliomlea. Eatonville uliandikishwa rasmi mwaka wa 1887, ukiwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini Marekani kuanzishwa na kutawaliwa na Watu Weusi wenyewe. Babake, John Hurston, seremala na mhubiri wa Kibatisti, aliwahi kuwa meya wake. Mamake, Lucy Ann, aliwahimiza wanawe waelekeze macho yao juu kabisa, ilhali baba aliona kwamba binti huyu alikuwa na ulimi na ujasiri ambao ungemponza mbele ya Wazungu. Lakini Wazungu wenyewe, kwa mtoto wa Eatonville, walikuwa wapita njia tu. Inafaa msomaji alizingatie hili mapema, kwa kuwa baadhi ya waliomhukumu baadaye walilelewa katika sehemu ambako hofu ya kuuawa na umati wa Wazungu ilikuwa jambo la kila siku. Tajriba yao ilikuwa ya kweli. Yake pia ilikuwa ya kweli.

Kitovu cha mji kilikuwa duka la Joe Clarke, na kitovu cha duka kilikuwa baraza lake. Hapo wanaume waliketi jioni wakitambiana ngano za wanyama, visa vya watumwa wajanja waliowashinda mabwana wao kwa akili, na chuku ambazo hakuna aliyetarajiwa kuziamini. Wenyewe waliuita utanzu huo uongo, bila kuona haya yoyote, maana sifa ya msimuliaji ilikuwa katika namna alivyoudanganya umma kwa ufundi. Watoto, hasa wasichana, hawakupaswa kukawia hapo. Zora alitumwa dukani akakawia. Almuradi, chuo chake cha kwanza cha fasihi simulizi kilikuwa baraza hilo, na vyuo vikuu viwili alivyosomea baadaye vilimpa tu istilahi za kuyataja mambo ambayo tayari aliyajua.

Mamake alifariki mwaka wa 1904, Zora akiwa na umri wa miaka 13. Babake alioa tena upesi, na baina ya binti na mama wa kambo hapakuwa na maelewano. Zora alikuwa amepelekwa shule ya bweni mjini Jacksonville. Karo ilipokosa kulipwa, masomo yakakatika. Ikafuata miaka mingi ya kutangatanga kati ya nyumba za ndugu na jikoni mwa watu. Alifanya kazi za nyumbani, na kwa muda akawa mtumishi wa mwimbaji mmoja katika kundi la michezo ya kuigiza iliyosafiri kutoka mji hadi mji. Mnamo 1917 alifika Baltimore. Alikuwa na umri wa miaka 26, bila cheti cha shule ya upili, na elimu ya bure ilikuwa kwa vijana pekee. Akajipunguzia miaka kumi, akasema amezaliwa 1901, akaandikishwa. Tangu siku hiyo hakuirudisha miaka hiyo. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasoro ya tabia. Mimi naona kwamba aliidai tu miaka ambayo umaskini ulikuwa umempokonya.

Kutoka Baltimore aliingia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la wanafunzi mwaka wa 1921. Wanachama wa vyama vya wanafunzi kama hiki chetu watafurahi kujua kwamba mnamo 1924 alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa gazeti la wanafunzi wa Howard, The Hilltop. Mwanzoni mwa 1925 alihamia New York, mfukoni akiwa na pesa kidogo mno. Mtaa wa Harlem ulikuwa katika kilele cha kile kinachojulikana kama Mwamko wa Harlem. Mwezi wa Mei mwaka huo, jarida la Opportunity lilitoa tuzo zake za uandishi, na Zora akapata nafasi ya pili mara mbili, kwa hadithi fupi na kwa tamthilia. Alikuwa mcheshi wa kupindukia. Akiingia sebuleni, mazungumzo yalimgeukia. Usiku huohuo wa tuzo alijuana na watu waliomfungulia mlango wa Chuo cha Barnard, tawi la wanawake la Chuo Kikuu cha Columbia, ambako alikuwa mwanafunzi Mweusi wa pekee. Alihitimu mwaka wa 1928.

Huko Columbia alifundishwa na Franz Boas, baba wa anthropolojia ya Marekani, mtaalamu aliyepinga wazo la kwamba kuna mbari zilizoumbwa duni. Kwa ajili ya utafiti huo, Zora alisimama katika njia za Harlem akiwaomba wapita njia awapime vichwa, na kwa ulimi wake wengi walikubali. Boas ndiye aliyemtuma kusini mwaka wa 1927 kukusanya ngano za Watu Weusi. Safari hiyo ya kwanza haikuzaa matunda. Zora alieleza baadaye kwamba aliwaendea watu wa kwao akiwa na lafudhi ya Barnard, akiwauliza kwa adabu kama wanajua ngano zozote, nao wakamjibu kwa adabu hiyohiyo kwamba labda zipo katika wilaya ya jirani. Yeyote kati yetu aliyewahi kwenda nyanjani na hojaji pamoja na kinasa sauti anaijua adabu hiyo.

Alirudi tena, safari hii kwa namna nyingine. Katika kambi ya wapasua mbao ya Loughman, Florida, watu walimshuku kwa sababu ya gari lake na gauni lake la New York, wakidhani ni mpelelezi. Akawaambia kwamba yeye ni mtoroka sheria anayeuza pombe ya magendo. Wakamkubali. Alicheza nao, akaimba nao, akawatambia visa vya kwao Eatonville, kisha ndipo wakamfungulia hazina yao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1935 katika Mules and Men, kitabu ambacho mtafiti hajifichi nyuma ya data. Ngano hazikupangwa kama vielelezo katika makumbusho. Kila moja imo kinywani mwa mtu fulani, mbele ya hadhira inayomkatiza na kumcheka, kukiwa na samaki wa kukaangwa na ugomvi unaonukia. Sisi tunaofunzwa leo kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila utendaji na muktadha wake tungefaa kuanza na kitabu hiki.

Katika miaka hiyohiyo alimhoji Oluale Kossola, aliyejulikana pia kama Cudjo Lewis, mzee aliyetekwa Afrika Magharibi na kuletwa Alabama mwaka wa 1860 na merikebu Clotilda, ya mwisho inayojulikana kuingiza watumwa Marekani, zaidi ya miaka 50 baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Zora alimpelekea matunda, akamsaidia kufagia kanisa, akaketi naye siku ambazo mzee hakutaka kusema lolote. Mswada alioukamilisha mwaka wa 1931, Barracoon, ulikataliwa na wachapishaji. Mmoja alitaka maneno ya Kossola yaandikwe kwa Kiingereza sanifu badala ya lugha yake mwenyewe. Zora alikataa. Nautaja mswada huu hasa kwa sababu ya wale wanaodai kwamba mwandishi wa furaha hakuyajua machungu. Aliyajua, na aliyasikiliza kwa subira.

Kazi hiyo ya nyanjani iligharimiwa na bibi tajiri wa Kizungu, Charlotte Osgood Mason. Kwa mkataba wa Desemba 1927, Zora alipata dola 200 kwa mwezi, na kila alichokusanya kikawa mali ya mfadhili, asiruhusiwe kukichapisha bila idhini yake. Bibi huyo alimfadhili pia mshairi Langston Hughes, rafiki mkubwa wa Zora. Wawili hao waliandika pamoja tamthilia ya vichekesho, Mule Bone, kisha wakagombana vikali juu ya umiliki wake mwaka wa 1931. Urafiki ukavunjika, na mchezo wenyewe haukupanda jukwaani hadi 1991, wote wawili wakiwa kaburini. Wahakiki wamemwaga wino mwingi kuutafuta mwenye makosa. Sioni kwamba kuna faida ya kuuongeza.

Tuje kwenye mapenzi. Zora aliolewa mara kadhaa na ndoa hizo hazikudumu. Ndoa ya kwanza, ya mwaka 1927, na mwanafunzi wa udaktari waliyependana tangu Howard, ilidumu kwa miezi michache kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Lakini penzi lililoacha alama kubwa kuliko yote halikuwa ndoa. Katikati ya miaka ya 1930 alipendana na mwanachuo wa Columbia mwenye asili ya Karibi, aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 20. Walipendana kwa wivu na vurugu. Kijana alitaka aache kazi yake na waondoke New York; Zora, aliyesema kwamba angempa kila kitu kingine, hilo hakuliweza. Mwaka wa 1936 alipata ufadhili wa Guggenheim, akaenda Jamaika kisha Haiti kufanya utafiti, akiliacha penzi hilo nyuma. Huko Haiti, kwa muda wa majuma saba, aliandika riwaya aliyokiri baadaye kwamba alijaribu kuhifadhi ndani yake upole wote wa mapenzi hayo. Riwaya hiyo ni Their Eyes Were Watching God, iliyochapishwa mwaka wa 1937.

Mhusika mkuu, Janie, analelewa na bibi aliyezaliwa utumwani. Kwa bibi huyo ndoa ni kinga, si raha, hivyo anamwoza mjukuu wake kwa mkulima mwenye shamba la ekari 60. Janie anatoroka na Joe Starks, mtu wa maneno makubwa, anayekuwa meya wa Eatonville na kujenga duka. Hapo ndipo baraza la utotoni mwa Zora linarejea, lakini safari hii tunalitazama kutoka ndani ya duka: Starks anamkataza mkewe kuketi na wasimuliaji, anamfunga nywele kwa kitambaa, anamnyamazisha kwa miaka 20. Anapofariki, anatokea Tea Cake, kijana asiye na mali, na jambo la kwanza analolifanya ni kumwalika Janie wacheze drafti. Hakuna mwanamume aliyewahi kuona kwamba Janie anaweza kucheza. Wanahamia mashambani kuchuma maharagwe pamoja na vibarua wengine, na jioni nyumba yao inageuka baraza jipya. Janie naye sasa anasimulia, tena vizuri. Hazidumu siku hizo: kimbunga kinavunja kingo za ziwa, Tea Cake anaumwa na mbwa mwenye kichaa akimwokoa mkewe, na Janie analazimika kumpiga risasi mume anayempenda, ambaye kichaa cha mbwa kimemgeuza. Riwaya yote ni masimulizi ya Janie kwa rafikiye, wakiwa wameketi nyuma ya nyumba usiku. Si penzi lisilo na dosari. Tea Cake humpiga Janie mara moja ili kuonyesha wengine kwamba ni wake, na mwandishi anapita hapo kwa wepesi unaomsumbua msomaji wa leo. Hata hivyo, tunachosimuliwa ni mwanamke Mweusi anayetafuta si haki tu bali pia raha, na kuipata, na kubaki nayo moyoni hata baada ya kifo.

Richard Wright, mwandishi chipukizi aliyezaliwa Mississippi na aliyekuwa mfuasi wa chama cha Kikomunisti, aliihakiki riwaya hiyo katika New Masses mwaka huohuo. Kwa maoni yake, haikuwa na dhamira wala ujumbe. Ilikuwa sarakasi ya kuwachekesha Wazungu. Alain Locke, mlezi wa Mwamko wa Harlem na mwalimu wa zamani wa Zora, naye alimtaka aache ngano na kuingia katika fasihi ya jamii na matatizo yake. Zora alikasirika mno. Alipopewa nafasi ya kuhakiki hadithi za Wright mwaka wa 1938, alilalamika kwamba kitabu kizima kimejaa chuki, hakina nafasi ya kuelewana wala huruma.

Sidhani kwamba Wright alikuwa na nia mbaya. Watu walikuwa wakiuawa, na aliamini kalamu ni silaha. Alichokosa kukiona ni kwamba, katika riwaya hiyo, Wazungu hawapo karibu kabisa, na kwamba kutokuwepo kwao ndiyo hoja yenyewe. Kusema kwamba Watu Weusi wana mapenzi, lugha, utani na huzuni zisizomhusu mtesi wao ni kukataa kumpa mtesi huyo nafasi ya kuwa mhusika mkuu wa maisha yao. Isitoshe, kuuandika usemi wa Weusi wa Kusini kwa tamathali zake, bila kuuonea haya, lilikuwa tendo lililohitaji ushupavu. Sisi tunaojua jinsi lahaja zinavyodunishwa mbele ya lugha sanifu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hapo vitabu vilifuatana: Tell My Horse mwaka wa 1938, Moses, Man of the Mountain mwaka wa 1939, na tawasifu yake, Dust Tracks on a Road, mwaka wa 1942. Tawasifu hiyo ilipata tuzo, lakini si kabla ya mchapishaji kuondoa sehemu alizokosoa ubeberu wa Marekani, kwa kuwa nchi ilikuwa imeingia vitani. Heshima haikumletea riziki. Malipo makubwa zaidi aliyowahi kupata kutokana na kitabu chake chochote yalikuwa dola 943.75.

Mnamo Septemba 1948 alikamatwa New York kwa tuhuma za kumdhulumu mtoto kimapenzi. Pasipoti yake ilionyesha kwamba wakati uliotajwa alikuwa Honduras, na mwaka uliofuata kesi ikafutwa. Lakini gazeti moja la Watu Weusi lilikuwa limekwisha kulitangaza shauri hilo kwa vichwa vikubwa, na hilo la kusalitiwa na watu wake lilimuumiza kuliko mashtaka yenyewe. Kwa muda alitamani kufa. Alirudi Florida. Mwaka wa 1950 iligunduliwa kwamba mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Miami ndiye aliyekuwa mwandishi wa hadithi ambayo mwajiri wake alikuwa akiisoma katika jarida maarufu.

Mwaka wa 1955 aliwakasirisha wengi zaidi alipoandika gazetini kupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1954 uliokomesha ubaguzi shuleni. Kwake yeye, kudai kwamba mtoto Mweusi hawezi kuelimika mpaka aketi kando ya Mzungu lilikuwa tusi kwa walimu Weusi. Msimamo huo ulitoka moja kwa moja Eatonville. Ulikuwa pia msimamo wa makosa, kwani shule nyingi za Weusi hazikuwa na Eatonville ya kuzilinda, na wabaguzi waliufurahia.

Miaka yake ya mwisho aliishi Fort Pierce, akiandikia gazeti dogo la Watu Weusi, akifundisha kwa muda, akipanda maua, na akiuandika tena na tena mswada mrefu kuhusu maisha ya Mfalme Herode, ambao hakuna mchapishaji aliyeutaka. Mwaka wa 1959 alipatwa na kiharusi, akapelekwa katika makao ya wasiojiweza ya wilaya. Alifariki tarehe 28 Januari 1960. Vitabu vyake vyote saba havikuwa vikichapishwa tena. Marafiki, majirani na wachapishaji walichanga pesa za mazishi, ila za jiwe la kaburi hazikutosha. Vitu vyake vilipokuwa vikichomwa moto, naibu wa mkuu wa polisi aliyemfahamu alipita hapo, akauzima moto na kuziokoa karatasi.

Mnamo Agosti 1973, mwandishi kijana Alice Walker alifika Fort Pierce akijifanya mpwa wa marehemu ili watu wakubali kumwelekeza. Katika makaburi ya Garden of Heavenly Rest alipita katikati ya magugu yaliyomfika kiunoni, akaliita jina la Zora kwa sauti, hatimaye akakanyaga mahali palipobonyea. Alinunua jiwe, na mwaka wa 1975 akasimulia safari hiyo katika jarida la Ms. Mwaka wa 1977 Robert Hemenway alichapisha wasifu kamili. Mwaka wa 1978 Their Eyes Were Watching God ikatolewa upya, na tangu hapo imesomwa na mamilioni. Barracoon ilichapishwa mwaka wa 2018, miaka 87 baada ya kukamilishwa. Mswada wa Herode, wenye kurasa zilizoungua pembeni, ulitoka mwaka wa 2025 ukiwa na mapengo pale moto ulipopita.

Jiwe la Fort Pierce linamtaja kama mwandishi wa riwaya, mkusanyaji wa fasihi simulizi na mwanaanthropolojia. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa hapo ni 1901.